Kutetea Mnyama wa Kila Siku

Katika kikao kimoja cha walimu wa Kiswahili nilichohudhuria, liliwekwa mezani ombi la mwanafunzi. Alitaka kibali cha kufanya kazi ya mwaka mzima: kila siku achore mnyama mmoja wa porini, wa leo asiwe yule wa jana, na chini ya picha aandike maelezo yake kwa Kiswahili fasaha, yasiyozidi ukurasa mmoja. Ombi lilikataliwa kwa dakika chache. Mwalimu wa kwanza alisema kwamba kuchora picha ni kazi ya watoto. Wa pili alisema kwamba wanyama ni mali ya wataalamu wa elimu ya viumbe. Wa tatu, ambaye namheshimu kuliko wote, alisema kwamba fasihi yetu imekwisha kuwaeleza wanyama katika hadithi, na hapana haja ya kuongeza. Siku ile nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kumenisumbua tangu hapo. Insha hii ni deni ninalolilipa kwa kuchelewa.

Nianze na neno la mwalimu wa pili, kwa kuwa ndilo jepesi kujibiwa. Kama wanyama ni mali ya wanasayansi peke yao, basi al-Jahiz wa Basra, aliyeandika Kitabu cha Wanyama katika karne ya 9, hakuwa mwanafasihi; naye ni mmoja wa nguzo za nathari ya Kiarabu. Al-Damiri wa Misri, katika karne ya 14, aliwapanga wanyama kwa taratibu ya herufi, akamwekea kila mmoja kifungu chake, na ndani ya kifungu akaeleza jina, tabia, sheria, dawa na methali. Vifungu hivyo vyazidi elfu moja. Buffon wa Ufaransa alianza kutoa vitabu vyake vya maumbile mwaka 1749, vyenye maelezo na picha za wanyama. Na Akademia ya Ufaransa ilipompokea mwaka 1753, hotuba aliyotoa ilihusu mtindo wa uandishi. Mwanafunzi wetu alikuwa akibisha hodi katika nyumba ya wazee hawa. Sisi tulimjibu kwamba hapo ni banda la kuchezea.

Neno la mwalimu wa tatu ni zito zaidi. Ni kweli kwamba tumelelewa na hadithi za sungura mjanja, simba mfalme, kobe mwenye subira na fisi mlafi. Sizidharau hata kidogo, maana utu wetu tulianza kujifunza ndani yake. Walakini waliomo katika hadithi hizo si wanyama. Ni watu waliovaa ngozi. Ngozi ikizoeleka sana, aliye ndani yake hupotea, na mwenye ngozi halisi hupotea pamoja naye.

Tumtazame fisi. Katika hadithi zetu fisi ni mwoga, mpumbavu, mla makombo ya simba. Katika miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk aliwafuata fisi usiku katika Serengeti na Ngorongoro, na kitabu chake kikatoka mwaka 1972. Aliyoyaona yalikuwa kinyume cha sifa tuliyompa. Fisi wa Ngorongoro waliwinda na kuua wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na mara nyingi ni simba aliyekuja kuwanyang'anya. Asubuhi mpita njia alimkuta simba juu ya mzoga na fisi wakingoja pembeni, akatoa hukumu yake. Hukumu ilitolewa kwa ushahidi wa mchana, ilhali unyang'anyi ulitendeka usiku.

Mtazameni tena, safari hii kwa jicho la mchoraji. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo wake hushuka kama paa la kibanda. Shingo yake ni nene, na taya zake huvunja mifupa ambayo wanyama wengine huiacha. Ndiyo sababu kinyesi chake huwa cheupe kikikauka, kwa wingi wa chokaa ya mifupa. Jike ni mkubwa kuliko dume, na ndiye atawalaye ukoo. Kile tukiitacho kicheko mara nyingi ni sauti ya fisi aliyeshikwa na hofu au anayefukuzwa na wenzake. Nauliza: ni hadithi gani yetu iliyotwambia kwamba fisi anapocheka huenda anaogopa? Mshairi angepewa jambo hilo moja tu, angepata kazi ya mwezi mzima.

Sasa nirudi kwa mwalimu wa kwanza, aliyedharau picha. Mtu aweza kuandika maneno "fisi mlafi" mara mia bila kumtazama fisi hata mara moja. Penseli haimruhusu kwenda hivyo. Itamwuliza: masikio ni ya duara au yamechongoka? Mkia unaishia wapi? Asipojua, mkono utasimama, na hapo ndipo elimu yake itakapoanza. Sisemi kwamba penseli haisemi uongo. Mwaka 1515 kifaru kutoka Bara Hindi alifikishwa Lisbon, na Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg, akamchora bila kumwona, kwa kutegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Alimvika mabamba kama deraya ya askari, akampachika na pembe ndogo mabegani. Picha ile ilinakiliwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 200. Mkono wake ulikuwa hodari. Kilichokosekana ni jicho. Basi sharti la kazi ya mwanafunzi wetu liwe hilo: atazame kwanza.

Watu huniuliza, mwanafunzi wa mjini atatazama wapi? Nami huwajibu: pori huanzia dirishani. Komba hulia usiku katika miembe ya mitaani; popo hugombea matunda; nguchiro hukatiza barabara; na juu ya miti ya Kampala wamejaa korongo wakubwa wenye mfuko shingoni. Tena huniuliza, je, wanyama watatosha mwaka mzima? Tanzania peke yake ina aina zaidi ya 300 za wanyama wanyonyeshao, na ndege wake ni zaidi ya aina 1,000. Watakaokwisha mapema si wanyama; ni majina tuyajuayo. Niliwahi kuwataka wanafunzi wangu waandike majina ya wanyama wa porini, na baada ya simba, tembo, twiga na jamaa zao, karatasi nyingi zilibaki nyeupe. Muhanga hakuwamo, wala nyegere, wala funo, wala sange. Pimbi alikuwamo, lakini darasa lilicheka, kwa kuwa jina lake tumelifanya tusi la mtu mfupi. Hakuna aliyejua kwamba jike la pimbi hubeba mimba zaidi ya miezi saba, wala kwamba jamaa zake wa karibu miongoni mwa wanyama walio hai ni tembo na nguva.

Jina likifa, hasara si ya kamusi tu. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa katika mlima Rungwe walisikia kwa wenyeji habari za kima aitwaye kipunji. Walimtafuta, wakamwona: manyoya marefu ya rangi ya udongo, uso mweusi, na kishungi cha nywele kilichosimama utosini. Mwaka 2005 alitangazwa kwa ulimwengu kuwa aina mpya, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake. Alikuwa mpya kwa vitabu, si kwa Wanyakyusa. Njia ya kumfikia ilikuwa jina lililohifadhiwa kinywani mwa watu. Leo kipunji ni miongoni mwa kima walio hatarini zaidi kutoweka Afrika, na misitu yake ni midogo. Je, watu watamlinda kwa lugha gani mnyama ambaye lugha yao haijamweleza?

Najua kwamba siku moja haitoshi kumjua mnyama, na kwamba mazoea ya kila siku yaweza kugeuka uvivu wa kila siku. Baadhi ya kurasa zitakuwa dhaifu. Lakini mwandishi aliyelazimika kutafuta neno la mwendo wa kenge jana, la ukelele wa komba leo, na la ngozi ya kiboko kesho, mwisho wa mwaka atakuwa na Kiswahili ambacho hatukumfundisha sisi.

Kwa hiyo naomba ombi lile lirudishwe mezani. Mwanafunzi apewe karatasi, penseli na mwaka wake mmoja. Nashauri siku ya kwanza aanze na fisi, maana huyo anatudai.