Refa Asilale Kambini mwa Timu Moja

Leo sikuja na mafunzo, nimekuja kugombana. Kuna jambo linanikera na nisipolitoa sitalala.

Wiki hii kijana mmoja aliyemaliza chuo juzi juzi ameniletea faili lake la config.ini nilikague. Anajenga klasta ya kanzidata, MySQL NDB Cluster, mashine mbili. Nikatazama HostName ya seva ya usimamizi, kisha nikatazama HostName ya nodi ya kwanza ya data. Anwani ni ile ile. Nikamwuliza, "Kaka, mbona hizi mbili umezilaza kitanda kimoja?" Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Hiyo ya usimamizi ni nyepesi, haina kazi. Nimeibandika tu hapo."

Jibu hilo nimelisikia kwa wanafunzi, kwa wenye vyeti vya kila rangi, na kwa wakubwa wanaotia sahihi hundi. Nimewahi kulisema mwenyewe pia, na nitawaeleza lilinigharimu nini. Ila kwanza niseme ninachoamini: klasta ya mashine mbili iliyosanidiwa hivyo ni seva moja iliyonunuliwa kwa bei ya mbili. Anayemwuzia mteja na kumwahidi kwamba haitazimika anamdanganya, hata kama mwenyewe hajui.

Kwa ambao hawajakutana na mnyama huyu, nieleze kidogo. NDB ilizaliwa Ericsson, ile kampuni ya mitambo ya simu, ikanunuliwa na MySQL AB mwaka 2003, na leo iko mikononi mwa Oracle. Ndani yake kuna aina tatu za nodi. Kuna nodi za data, yaani ndbd au ndbmtd, ambazo ndizo zinazobeba mali. Kuna nodi za SQL, yaani mysqld tunayoijua sote, ambazo programu zetu huzungumza nazo. Halafu kuna seva ya usimamizi, ndb_mgmd, inayoshika config.ini na kuwagawia wengine wote. Nodi ya data ikiamka huenda kwanza kwa seva hii kuuliza: mimi ni nani, wenzangu wako wapi, nina kumbukumbu kiasi gani? Bila jibu haianzi.

Sasa, wanaosema seva hii ni nyepesi wana ukweli wao na sitawanyima. Haibebi data. Maswali ya SQL hayapiti kwake. Ukiizima saa hizi huku nodi zote za data ziko hai, klasta itaendelea kuchapa kazi kama kawaida. Ndiyo maana watu huidharau: wameizima, hawakuona kitu, wakahitimisha kwamba haina maana.

Lakini hata refa haonekani mechi ikienda vizuri.

Fikiria una nodi mbili za data, A na B, na NoOfReplicas=2. Kila moja ina nakala kamili. Ghafla B haimsikii A. Je, A amekufa, au ni waya wa mtandao uliokatika na A yuko hai anaendelea kuandika? B hana njia ya kujua. Kama A yuko hai na B naye akaendelea, mtakuwa na kanzidata mbili zenye jina moja, kila moja ikipokea pesa na kutoa pesa kivyake. Mafahali wawili zizi moja. Siku ya kuziunganisha hakuna mwanadamu atakayeweza kusema ni salio lipi la kweli.

Wahandisi wa NDB walilijua hilo wakaweka mwamuzi. Nodi iliyobaki humkimbilia mwamuzi na kuomba ruhusa ya kuendelea. Wa kwanza kufika hupewa, wa pili hukataliwa na kujizima. Asiyempata mwamuzi kabisa pia hujizima, kwa sababu ni heri kunyamaza kuliko kusema uongo. Na mwamuzi huyo, usipobadilisha chochote, ni nani? Ni seva ya usimamizi. ArbitrationRank yake huanza na 1, yaani wa kwanza kufikiriwa. Ya nodi za SQL ni 0, maana yake hazifikiriwi kabisa.

Sasa rudi kwenye faili la yule kijana. Refa amelala kambini mwa timu A. Kambi ya A ikiungua, refa ameungua nayo. B ni mzima, data yote anayo, lakini akimtafuta refa hampati. Anafanya alivyofundishwa: anajizima. Mashine moja imekufa, klasta nzima imelala.

Na hili si jambo la vitabuni. Miaka michache iliyopita, kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi ilipata kandarasi ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Niliomba mashine tatu. Bosi akasema tatu ni anasa, mteja amelipia mbili. Sikubishana sana. Nikaiweka ndb_mgmd pamoja na nodi A, nikajiambia kwamba ni nyepesi. Siku ya makabidhiano tulifanya maonyesho: mbele ya kamati nzima nikauchomoa waya wa umeme wa mashine ya pili. Mfumo ukaendelea! Watu wakapiga makofi, soda zikanywewa, hundi ikatiwa sahihi.

Mmeona nilichofanya? Nilichomoa mashine ya pili. Sikuigusa ya kwanza. Wakati ule sikujua kwamba nimechagua upande ambao hauwezi kushindwa. Kipimo kilichopita kilikuwa nusu ya kipimo, na nusu ile nyingine ndiyo iliyokuwa na bomu.

Bomu lililipuka Jumatatu ya wiki ya kufungua shule. Stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na pawa saplai ya mashine A ikaungua. Kufika pale nikakuta foleni hadi nje, wazazi wamekuja kutoa karo, karani anawaambia "mtandao uko chini". Mashine B inawaka taa za kijani, nzima kabisa, lakini nodi yake ya data imejizima. Nikafungua ndb_3_error.log nikakutana na kosa namba 2305, lile la mwamuzi. Nikajaribu kuiwasha upya, haikubali: inamtafuta seva ya usimamizi impe usanidi, na seva hiyo iko ndani ya mashine iliyokufa. Nikataka kusoma kumbukumbu za klasta nijue nini kilitangulia. Nazo zilikuwa zikiandikwa na seva ya usimamizi, kwenye diski ya mashine hiyo hiyo!

Tulipata pawa saplai nyingine baada ya saa nne. Hakuna shilingi iliyopotea, na kwa hilo naishukuru ile B iliyokubali kunyamaza. Lakini mwenyekiti wa chama, mama mmoja mpole sana, aliniita pembeni akaniuliza: "Kijana wangu, ile mashine ya pili mlituuzia ya nini?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Basi wale wanaoniambia mashine ya tatu ni ghali, ninawauliza: ghali kuliko nini? Seva ya usimamizi haihitaji mtambo. Kompyuta kuukuu ya ofisini yenye Linux inaitosha, mradi ife kwa sababu zake na si kwa sababu za A au B. Waya wake wa umeme uwe wake. Na tafadhali, usiniletee ule ujanja wa kuunda mashine ya kompyuta ndani ya A kisha kuiita "seva ya tatu". A ikizimika, na wapangaji wake wote wanazimika.

Kuna wajanja wengine husema: "Sawa, nitaweka seva mbili za usimamizi, moja kwa A na moja kwa B." Pole. Mwamuzi huchaguliwa mapema, kabla ya ajali, na huwa mmoja kwa wakati mmoja. Kama aliyechaguliwa ni yule wa A, na A ikafa, B hawezi kumteua wa kwake papo hapo. Angeruhusiwa kufanya hivyo, basi kila upande ungejiteulia refa na tungerudi kwenye mafahali wawili.

Kwa haki niseme, ukiwa na nodi nne za data zenye nakala mbili mbili, ikifa moja tu hakuna haja ya refa, kwa sababu lipo kundi lililobaki kamili. Lakini wangapi kati yetu tunajenga za nodi nne? Tunajenga za mbili, na hapo ndipo refa anapohitajika kila mara.

Faili lenyewe hata si gumu. Tazama:

[ndbd default]
NoOfReplicas=2
DataMemory=2G

[ndb_mgmd]
NodeId=1
HostName=192.168.10.10
DataDir=/var/lib/mysql-cluster

[ndbd]
NodeId=2
HostName=192.168.10.11
DataDir=/var/lib/mysql-cluster

[ndbd]
NodeId=3
HostName=192.168.10.12
DataDir=/var/lib/mysql-cluster

[mysqld]
NodeId=4
HostName=192.168.10.11

[mysqld]
NodeId=5
HostName=192.168.10.12

Mashine tatu, anwani tatu. Usiandike localhost humo hata mara moja kama kuna mashine nyingine, kwa sababu kila mashine ina localhost yake na watapotezana. Nodi za SQL unaweza kuziweka pamoja na za data bajeti ikibana. Refa peke yake ndiye asiyehamishika.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, wacha nimalizie na mambo mawili zaidi ambayo watu hunakili kutoka mtandaoni bila kusoma.

La kwanza ni kubadilisha config.ini kisha kushangaa hakuna kilichobadilika. Tangu toleo la 7.0, ndb_mgmd husoma faili hilo mara ya kwanza tu, halafu huweka nakala yake ya jozi katika saraka ya --configdir. Ukiiwasha tena inasoma nakala, haisomi ulichoandika jana. Lazima uiambie:

ndb_mgmd -f /var/lib/mysql-cluster/config.ini --configdir=/var/lib/mysql-cluster --reload

Kisha uwashe upya nodi za data moja baada ya nyingine, ukingoja ya kwanza isimame kabla ya kugusa ya pili. Sasa sikiliza vizuri. Kuna anayekwambia utumie --initial badala ya --reload. Kwa ndb_mgmd, --initial hufuta nakala ya usanidi tu na kulisoma faili upya. Kwa ndbd, neno hilo hilo hufuta mafaili ya data ya nodi hiyo ili ianze upya kwa kunakili kutoka kwa mwenzake. Ukilitumia kwa nodi zote mbili kwa pamoja, hakuna mwenzake wa kunakili. Umeifuta kanzidata. Neno ni moja, kwa refa linafuta karatasi, kwa mchezaji linafuta mali.

La pili ni mlango namba 1186. Ndio mlango ambao seva ya usimamizi husikilizia, na kwa kawaida yake hauombi nywila. Yeyote anayeufikia anaweza kufungua ndb_mgm, akaandika SHUTDOWN, na klasta yako ikalala. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2024 unaweza kusanidi TLS kati ya nodi, lakini isiposanidiwa mlango uko wazi. Funga hii klasta kwenye mtandao wake wa ndani, weka ukuta wa moto, na usiruhusu 1186 itoke nje hata kwa dakika moja ya "kujaribu tu".

Nimalize. Sisi watengenezaji programu tunapenda kulalamika kwamba wateja hawatuamini. Mteja hajui ArbitrationRank ni nini na hapaswi kujua. Anachojua ni kwamba tulimwambia "ikizimika moja, nyingine itaendelea". Maneno hayo ni ahadi. Kama mashine zenu ni mbili tu na bosi amekataa ya tatu, basi mwambieni mteja ukweli: ikizimika hii mtaendelea, ikizimika ile mtasimama. Akubali akijua. Mkishindwa kumwambia hivyo, wekeni seva moja na nakala nzuri za kila usiku, mtakuwa waaminifu zaidi.

Na siku ya makabidhiano, kabla soda hazijafunguliwa, chomoeni mashine ya kwanza. Isubirini irudi na kusimama wima. Kisha chomoeni ya pili. Yule kijana nimemrudishia faili lake na maneno hayo hayo. Jana jioni amenipigia simu: amepata kompyuta kuukuu ya mhasibu, amehamishia refa huko, na amechomoa mashine zote mbili kwa zamu. Mfumo haukusimama hata mara moja. Sikumpigia makofi. Nilimwambia tu, "Sasa ndio umejenga klasta."

Anayepinga aje na config.ini yake tuikague pamoja. Tuonane.