Skrinshoti ya Amazon siyo duka la vitabu

Wenzangu, najua wengine mtakasirika. Lakini hii maneno ya kutoa mchango wa grupu kulipia "kifurushi cha kuchapisha duniani kote", mimi naipinga, na nataka niseme kwa nini kabla ya kikao cha Jumamosi.

Wakala ametuahidi kwamba kitabu chetu cha hadithi za Kakuma kitakuwa Amazon, na "kitapatikana" kwa maelfu ya maduka. Hilo neno kitapatikana ndilo mtego. Kufungua akaunti ya KDP, ile sehemu ya Amazon ya waandishi, ni bure. Kupakia faili ni bure. Hata ISBN wanakupa bure. Sasa sisi tunalipia nini? Na hakuna stoo mahali kitabu kimekaa kinangoja. Kinachapwa kimoja kimoja mtu akiagiza, tena ng'ambo. Mtu wa Lodwar akitaka hadithi za majirani zake, alipe kwa kadi ya benki, alipe na usafirishaji kutoka huko. Nani hapa ana hiyo kadi?

ISBN ya bure nayo ni ya hukohuko kwao. Ukihamia kwa mpiga chapa mwingine, huendi nayo.

Haya, maduka. KDP wana usambazaji wa ziada, kitabu kinaingia kwa orodha ambayo maduka ya Marekani na Uingereza yanaagizia. Lakini kuwa kwa orodha si kuwa kwa rafu. Mwenye duka anataka punguzo nzuri, na anataka ruhusa ya kurudisha kile hakijauzwa. Kwa njia ya KDP hapati hiyo ruhusa, kwa hiyo anakupita. IngramSpark wanakuacha upange mwenyewe, punguzo hadi asilimia 55, na kurudisha ukikubali. Ila vikirudi, gharama ni ya mwandishi. Duka likirudisha vitabu 30, tutalipa na posho gani?

Na faida? Kwa ule usambazaji wa ziada unapewa asilimia 40 ya bei, halafu gharama ya kuchapa inatolewa humo humo. Tuseme kitabu ni dola 10 na kukichapa ni dola 3: unabaki na dola 1. Hiyo dola inataka akaunti ya benki, na mnajua vile mkimbizi anazungushwa akiitafuta. Wakala anasema pesa ipitie kwake. Angesema nini kingine!

Kuna mtu alinijibu kwamba jina la Amazon linaleta heshima, hata kwa kuomba skolashipu. Sawa. Basi tupakie wenyewe, bila wakala. Kompyuta ya senta inatosha.

Pesa ya mchango iende Nairobi. ISBN tuombe kwa Kenya National Library Service, iwe kwa jina letu. Tupige nakala chache River Road. Maduka kama Nuria yanauza vitabu vya watu waliojichapishia, na kwa duka dogo unaweza kuacha nakala tano kwa mali kauli: zikiuzwa anakata chake, anakupa chako. Lakini iandikwe na isainiwe: nakala ngapi, bei gani, analipa lini. Bila karatasi umempa zawadi.

Si rahisi, sidanganyi. Nairobi ni zaidi ya kilomita 700, na kutoka kambini ni mpaka ruhusa. Kwa hiyo vitabu vikae kwa mmoja wetu anayesoma kule, awe anapita dukani kuhesabu.

Jumamosi tumpigie wakala, spika ikiwa wazi. Nitamuuliza swali moja: taja duka moja, mtaa gani, ambapo kitabu ulichochapisha kiko kwa rafu leo. Akitaja, napiga simu kwa hilo duka palepale, kabla ya kura.