Nyumba ya Kale Hailindwi kwa Fahari

Wako wadhanio kwamba nyumba ya miti ni ya mnyonge, na kwamba jengo la kudumu ni la mawe au saruji. Hao na wasikie habari ya Little Moreton Hall, nyumba iliyoko Cheshire, Uingereza. Ukoo wa Moreton uliianza mwanzoni mwa karne ya 16, na hata leo ingali wima, japo imepinda.

Kiunzi chake ni cha mti wa mwaloni. Ncha ya boriti moja imechomekwa tunduni mwa nyingine, kisha ikakazwa kwa vigingi vya mti. Baina ya nguzo kulisukwa fito na kukandikwa udongo, kazi ambayo mtu wa pwani hahitaji kufunzwa. Mwaka 1559 seremala Richard Dale alichonga jina lake juu ya madirisha ya uani, akakiri kuwa ameyafanya kwa neema ya Mungu. Baadaye wenyewe wakaongeza juu kabisa ukumbi mrefu, wakauezeka kwa vigae vizito vya mawe. Uzito ule ukalemea kuta za chini, zikapinda. Fahari nusura iiponze nyumba.

Vita vya Mfalme na Bunge vilipozuka mwaka 1642, ukoo ule ulikuwa upande wa Mfalme. Nyumba ikatwaliwa, na madeni yakawaandama. Hatimaye ikapangishwa wakulima. Matajiri wengi wa zama zile walibomoa nyumba zao za miti wakajenga za matofali. Akina Moreton hawakuwa na uwezo huo, na ya kwao ikasalimika.

Lakini ufukara peke yake haulindi nyumba, huiozesha. Aliyeiokoa hii ni mrithi wake, mtawa Elizabeth Moreton, aliyefariki mwaka 1912. Aliikaza kwa vyuma, kisha akaiusia kwa binamu yake kwa sharti kwamba isiuzwe abadan. Binamu huyo akaikabidhi kwa shirika la National Trust mwaka 1938.

Sharti hilo si geni kwetu. Sisi tuna wakfu: mali huzuiliwa isiuzwe wala isirithiwe, manufaa yake yakaendelea. Basi kwa nini nyumba zetu za kale, zenye kuta za matumbawe, zidaka na boriti za mikoko, zigawanywe vipande na warithi, kisha ziuzwe ili zivunjwe? Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini orodha haizibi dari linalovuja.

Kwa maoni yangu, mwenye nyumba ya kale asingoje serikali wala wageni. Aite fundi leo, ufa ungali mdogo. Na angali hai, awakusanye wanawe waafikiane, na jambo liandikwe mbele ya mashahidi. Mkiwa wa Kiingereza aliweza. Sisi tulioachiwa njia na wazee wetu tuna udhuru gani?