Komanda na saa 48

Luhwindja, katika teritwari ya Mwenga, dhahabu ya Twangiza imevuta watu, na magomvi ya mashimo na mashamba hufika polisi. Hapo ndipo uongozi wa komanda hupimwa. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inakataza polisi kumzuilia mtu kupita saa 48: aachiliwe au akabidhiwe kwa wakuu wa sheria. Komanda mwema huandika saa ya kuingia na kuichunga. Mwingine hungoja familia ilete pesa. Mshahara mdogo ni jaribu la kweli. Hata hivyo Yohana Mbatizaji aliwakataza askari kunyang'anya watu (Luka 3:14). Wazee wa kanisa, mnapotembelea kasho, ulizeni kwa heshima: huyu ameingia lini, saa ngapi?