Maili za Ndege kwa Msafiri wa Nadra



Akina mama wanaojiandaa kwa umra wametuuliza swali ambalo aghalabu huulizwa na wafanyabiashara: tujiandikishe katika mpango upi wa maili za ndege? Waulizao husafiri mara moja katika miaka miwili au mitatu, na jawabu lao si lile apewalo tajiri aendaye Dubai kila mwezi.

Mipango hii ina umri. American Airlines waliuanzisha wao mwaka 1981, na mashirika mengine yakafuata, kila moja likitaka kumfunga mteja asihamie kwa jirani. Abiria huandikiwa maili kwa kila safari, nazo zikitimia kiwango humpatia tikiti, kiti bora au nafasi ya mzigo zaidi. Wasafirio sana hupewa pia daraja za heshima na kumbi za kupumzikia. Hizo sisi wa mara mojamoja tuziache, hatutazifikia.

La kwanza kulitazama ni uhai wa maili zenyewe. Katika Skywards, mpango wa Emirates, maili hudumu miaka 3, kisha hufutwa mwishoni mwa mwezi wa kuzaliwa wa mwenye akaunti. Katika Privilege Club ya Qatar Airways, pointi ziitwazo Avios hudumu miezi 36 tangu mwanachama alipopata au kutumia pointi mara ya mwisho. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini mpigieni hesabu mama asafiriye kila baada ya miaka miwili. Kwa Qatar, kila safari huihuisha akiba yake yote. Kwa Emirates, maili za safari ya kwanza zitakuwa zimekwisha kufutwa kabla hajapanda ndege mara ya tatu.

Kisha tazameni ni ndege zipi hasa mnazozipanda, si zile zenye matangazo mazuri. Ethiopian na Turkish hutua hapa Mombasa, na yote mawili yamo katika muungano wa Star Alliance, Turkish tangu 2008 na Ethiopian tangu 2011. Kwa hiyo aliyekwenda na hili mwaka huu na lile mwaka wa tatu aweza kuziandikisha safari zote mbili katika daftari moja. Kenya Airways na Saudia nao ni wenza katika SkyTeam. Flydubai, iliyoanza kuja Mombasa mwaka 2024, hutumia Skywards pamoja na Emirates. Chagueni daftari moja mkae nalo. Maili mia chache hapa na mia chache kule hazimfikishi mtu popote.

Msilipe zaidi kwa ajili ya maili. Shilingi elfu kumi zilizozidi katika bei ya tikiti ni fedha taslimu zitokazo leo, ilhali maili ni ahadi, na shirika huweza kuipunguza thamani yake. Hata tikiti iitwayo ya bure, kodi na ada zake mwalipa. Tena tikiti za bei ya chini huandikiwa maili kidogo, na zile za kundi, ambazo mawakala wa umra huzinunua kwa pamoja, mara nyingi haziandikiwi kitu. Muulizeni wakala kabla ya kulipa, naye akijibu kwa kuzungukazunguka, jueni hakuna.

Kadi za mkopo ziongezazo maili kwa kila manunuzi, ambazo deni lake likichelewa hutozwa riba, hatuwashauri kuzikaribia.

Linalotushughulisha zaidi ni mabinti zetu waendao Riyadh na Doha kwa mikataba ya miaka miwili. Tikiti hununuliwa na wakala au mwajiri, na binti hudhani maili, kama zipo, ni za aliyelipa. Sivyo. Kwa kanuni za mipango hii, maili huandikwa kwa jina la aliyeketi kitini, maadamu tikiti ni ya daraja linalokubaliwa. Basi ajiandikishe kabla ya kuondoka, kwa jina lile lile lililo katika pasipoti, na kwa barua pepe yake mwenyewe. Nywila asiiweke mikononi mwa wakala. Maili za kwendea zidumuzo miaka 3 zitakuwa zingali hai atakaporejea, naye ataziongeza za kurudia. Hazitakuwa nyingi, lakini ni zake, na safari hiyo haikumpa vitu vingi vilivyo vyake peke yake.

Wako watakaouliza kama zawadi hiyo ni halali kwake, fedha zikiwa za mwajiri. Shirika limempa abiria kwa masharti yaliyo wazi. Ila aliyetia saini kwamba maili ni za ofisi, autimize mkataba wake.

Kwa familia isafiriyo pamoja, Emirates na Qatar wote wawili huruhusu jamaa kuziunganisha maili zao katika akaunti ya familia. Mama, baba na watoto watatu wakirudi umra, kila mmoja na maili asizoweza kuzitumia peke yake, kapu moja huleta maana.

Kujiandikisha ni bure. Bibi asiye na simu ya kisasa, mjukuu amfungulie akaunti, na namba aiandike katika kijitabu anachokitunza pamoja na pasipoti. Wakala apewe namba hiyo siku ya kukata tikiti. Kuzidai maili baada ya safari huwezekana kwa miezi michache tu, na huenda mkatakiwa kile kipande cha pasi ya kupandia ndege ambacho wengi wetu hukitupa uwanjani Jeddah.