Asiyekuwapo na Lake Halipo: Kamati za Kimataifa na Kipimo cha Sumu katika Mahindi

Mwaka 2016, watu 68 wa Tanzania ya kati, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua ini kwa ghafla, na 20 kati yao wakafariki. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, maradhi ya namna hiyohiyo yaliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya na kuwaua 125. Chanzo kilikuwa kimoja: mahindi yaliyoota ukungu uitwao Aspergillus flavus, ambao hutoa sumu iitwayo aflatoksini, mojawapo ya zile ziitwazo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa. Anayeila kwa wingi huugua mara moja; anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya kupata kansa ya ini.

Hapo ndipo linapozuka swali: kidogo ni kiasi gani? Kwa kuwa haiwezekani kuiondoa sumu hii kabisa katika nafaka, serikali huweka kipimo cha juu kinachoruhusiwa. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kipimo cha mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote katika kila kilo, yaani sehemu 10 katika bilioni. Tarakimu hii si jambo dogo. Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ilipoyaruhusu tena iliwataka wafanyabiashara waoneshe cheti kuwa shehena zao hazikupita kipimo hicho.

Mwanafunzi wa kemia anaweza kudhani kwamba tarakimu kama hiyo hutoka moja kwa moja katika maabara. Ukweli ni kwamba maabara hutoa nusu tu ya jibu. Nusu ya pili hutoka katika kumbi za mikutano ya kimataifa, ambako wajumbe huketi katika kamati, hubishania neno moja moja, na mwishowe hukubaliana au hupiga kura. Utaratibu wa kamati hizo hauna budi kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya sayansi. Taifa lisiloujua litaendelea kuvalishwa nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Ukumbi mkubwa na vyumba vidogo

Mwezi Mei mwaka 1943, vita kuu ya pili ikiwa bado inaendelea, wajumbe wa mataifa 44 walikutana Hot Springs, katika jimbo la Virginia, Marekani, kwa mwaliko wa Rais Roosevelt, ili kuzungumzia chakula na kilimo. Tanganyika, Kenya na Uganda, zikiwa chini ya utawala wa Waingereza, hazikuwa na sauti yao wenyewe katika mkutano huo. Matunda yake yalikuwa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lililoundwa mjini Quebec, Kanada, tarehe 16 Oktoba 1945.

Mkutano Mkuu wa shirika hilo hufanyika Roma kila baada ya miaka miwili, na kila nchi mwanachama ina kura moja, iwe kubwa au ndogo. Mgeni akiingia katika ukumbi mkubwa atawaona mawaziri wakipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine na kutoa hotuba. Atatoka akiamini kwamba amekwisha kuuona mkutano. Kumbe wakati huohuo kamisheni mbili zinaendelea na kazi katika kumbi nyingine: ya kwanza inashughulikia sera, na ya pili programu na bajeti. Zaidi ya hizo, iko kamati inayokagua hati za wajumbe, iko ya uteuzi, iko ya maazimio, na ziko kamati za kuandika taarifa. Hotuba husifiwa siku hiyo kisha ikasahauliwa. Taarifa iliyoandikwa na watu wachache katika chumba kidogo ndiyo inayobaki, na ndiyo inayorejewa miaka kumi baadaye.

Hatua nane za kiwango

Katika mambo ya usalama wa chakula, utaratibu huu unaonekana wazi zaidi katika Tume ya Codex Alimentarius. Jina hilo ni la Kilatini, na maana yake ni mkusanyiko wa kanuni za chakula. Tume hii ni ya FAO pamoja na Shirika la Afya Duniani, na kikao chake cha kwanza kilifanyika Roma mwaka 1963. Wanachama wake ni nchi 188 na Umoja wa Ulaya.

Tume haifanyi kazi yake yote Roma. Kamati zake nyingi zimekabidhiwa kwa nchi wenyeji: usafi wa chakula kwa Marekani, sumu na uchafu katika chakula kwa Uholanzi, mbinu za upimaji kwa Hungaria, lebo za vyakula kwa Kanada, mafuta ya kula kwa Malaysia, na viungo kwa India. Nchi mwenyeji hulipia kikao na hutoa mwenyekiti. Mwenyekiti naye si mtu wa kugonga meza tu. Yeye ndiye anayetoa nafasi ya kusema, anayefupisha mjadala, na anayetamka kwamba mwafaka umepatikana.

Kiwango kipya hupitia hatua nane. Kwanza, Tume huamua kwamba kazi ianze. Pili, rasimu huandikwa. Tatu, hupelekwa kwa nchi zote ili zitoe maoni. Nne, kamati huyajadili maoni hayo. Tano, Tume huipitia rasimu. Sita, nchi hutoa maoni kwa mara ya pili. Saba, kamati huijadili tena. Nane, Tume huipitisha iwe kiwango. Rasimu ikikubalika mapema, huruhusiwa kuruka hatua ya sita na ya saba na kupitishwa papo hapo. Nchi iliyokuwa ikingoja nafasi ya pili ili iseme neno lake hujikuta imechelewa.

Maneno ambayo bado hayajakubaliwa huwekwa ndani ya mabano ya mraba. Rasimu inaweza kusema “mikrogramu [10] [15] kwa kilo”, na kazi yote ya siku nzima ikawa ni kuyaondoa mabano hayo. Kwa mtazamaji hilo laweza kuonekana ni mchezo wa makarani. Kwa mwenye shehena ya karanga bandarini, mabano hayo ndiyo tofauti kati ya kuuza na kurudishiwa mzigo.

Viwango hivyo havimlazimishi mtu kwa vyenyewe. Lakini tangu mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu usalama wa chakula ulipoanza kutumika mwaka 1995, nchi inayotaka kipimo kikali zaidi cha kulinda afya ya walaji hutakiwa kuwa na sababu za kisayansi. Kwa njia hiyo, neno lililokubaliwa katika kamati hupata uzito hata katika mashauri ya biashara.

Takwimu ni za nani?

Kamati hizo haziamui gizani. Kwa upande wa sumu na viambato vya chakula hushauriwa na jopo la wataalamu la FAO na Shirika la Afya Duniani, ambalo limekuwa likikutana tangu mwaka 1956. Wataalamu hao huteuliwa kwa ujuzi wao, si kwa uraia wao. Hata hivyo hawawezi kupima kisicholetwa mbele yao. Huziomba nchi takwimu za mambo mawili: sumu iliyomo katika chakula, na kiasi cha chakula kinacholiwa na watu.

Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili kwa hesabu nyepesi. Tuseme unga una mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Mtu anayekula gramu 40 za unga huo kwa siku hupata mikrogramu 0.4. Mwingine ambaye chakula chake ni ugali mchana na jioni, naye hutumia gramu 400 kwa siku, hupata mikrogramu 4. Unga ni uleule na kipimo cha sheria ni kilekile, lakini mzigo wa sumu mwilini ni mara kumi. Kama takwimu zilizofika mezani ni za watu wa gramu 40 peke yao, hakuna haja ya kumtafuta mwenye hila. Hesabu imefanywa sawasawa, ila imefanywa kwa mlaji mwingine.

Hapana budi kukiri pia kwamba kipimo peke yake hakimlindi kila mtu. Mkulima anayekula mahindi ya ghala lake mwenyewe hapiti mbele ya mkaguzi yeyote. Kwa ajili yake, lenye manufaa zaidi ni maelekezo ya kukausha nafaka upesi, kuitenga na udongo, na kuihifadhi pakavu. Hilo nalo limepita katika kamati: mwaka 2003 Tume ilipitisha mwongozo wa kuzuia sumukuvu katika nafaka. Mwongozo wa namna hiyo humfaa mkulima wa Kiteto au Kitui ikiwa aliyeuandika aliwahi kusikia jinsi mahindi yanavyovunwa na kuanikwa huko.

Kiti kitupu

Wako wanaosema kwamba mikutano hii ni anasa, kwamba mataifa tajiri huja na wajumbe wengi, wengine wakiwa washauri kutoka viwandani, na kwamba mjumbe mmoja kutoka Afrika hawezi kubadili chochote. Sehemu ya kwanza ya malalamiko hayo ina ukweli. Sehemu ya mwisho haina.

Mwezi Julai mwaka 2012, Tume ilikutana Roma kuamua kuhusu raktopamini, dawa inayotiwa katika chakula cha nguruwe na ng’ombe ili waongeze nyama. Rasimu hiyo ilikuwa imekwama katika hatua ya nane tangu mwaka 2008. Kwa kawaida Tume hutafuta mwafaka, lakini safari hiyo mwafaka ulishindikana na kura zikapigwa. Waliokubali walikuwa 69, waliokataa 67. Kura mbili! Ni wazi kwamba kila kiti kilichokuwa kitupu siku ile kilikuwa na uzito, upande wowote ule ambao mwenye kiti angeuchagua.

Wala Tume hailazimiki kuwangoja wasiokuja. Kwa maamuzi ya kawaida, akidi hutimia ikiwa zaidi ya nusu ya wanachama waliofika mkutanoni wamo ukumbini, mradi wasipungue asilimia 20 ya wanachama wote wala nchi 25. Kwa hesabu ya leo, nchi 38 zaweza kutosha kuamua jambo linalowahusu walaji wa dunia nzima.

Dalili njema zipo. Mfuko wa Codex umesaidia nchi nyingi zinazoendelea kupeleka wajumbe na kujijengea uwezo. Mwaka 2024 Dr. Allan Azegele wa Kenya alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Tume yenyewe. Lakini tiketi ya ndege si ujuzi, na mwenyekiti hawezi kusema kwa niaba ya nchi iliyokaa kimya. Nchi inayobadili mjumbe kila mwaka hupeleka mwanagenzi kila mwaka. Mjumbe asiyejua nini kilisemwa katika hatua ya tatu hawezi kukitetea katika hatua ya saba. Inafaa mtaalamu mmoja aifuate rasimu moja tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, awe na mwanafunzi wake pembeni, na aende na takwimu zilizokusanywa nyumbani. Ni afadhali kuchagua kamati mbili zinazogusa chakula cha wananchi na kuzishika barabara, kuliko kuonekana katika kila kamati na kutoka mikono mitupu.

Msingi wa ujuzi huo waweza kuwekwa katika shule za sekondari. Mwalimu wa kilimo au wa baiolojia na achague mwenyekiti na katibu miongoni mwa wanafunzi, aandike ubaoni sentensi moja: “Mahindi ya shule yatakaguliwa [kila mwezi] [kila muhula] kabla ya kusagwa.” Kundi moja liwe wapishi, jingine wakulima wanaoiuzia shule, jingine wanafunzi wanaokula. Kila kundi lilete ushahidi: mahindi yamekaa ghalani muda gani, ghala lina unyevu kiasi gani, kila mmoja hula unga wa gramu ngapi. Mabano yasifutwe mpaka wote wakubaliane, na taarifa iandikwe na kusomwa kabla ya kufunga kikao. Katika vipindi viwili wanafunzi watakuwa wamejifunza kuhusu ukungu, hesabu za uwiano, na jinsi watu wenye maslahi mbalimbali wanavyofikia neno moja.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika mikutano ya viwango vya chakula, hata aliyekuwapo aweza kukosa lake, ikiwa alifika bila takwimu na bila kuzijua kanuni. Wanafunzi wanaojifunza leo kupima unyevu wa punje ya mahindi wafundishwe pia kukaa katika kamati, kwa sababu rasimu nyingine zitaandikwa, na ugali utaendelea kuliwa.