Kutoka chumba cha mashauri hadi jukwaani

Mhariri,

Mnapowataja washauri wa Ikulu wanaopewa wizara, mkumbukeni Dkt. Sally Kosgei. Alikuwa Mkuu wa Utumishi wa Umma na Katibu wa Baraza la Mawaziri hadi Rais Moi alipostaafu 2002. Kwa cheo hicho angeweza kukaa kimya maisha yake yote. Badala yake alirudi Nandi kuomba kura, akashinda ubunge wa Aldai 2007, na mwaka uliofuata akawa Waziri wa Elimu ya Juu. Aprili 2010 alibadilishana wizara na William Ruto, akapewa Kilimo.

Hapo ndipo ananihusu. Huku Chepsaita, Novemba mvua ikichelewa kuisha, tunaanika mahindi kwenye turubai kando ya barabara, tukiuma punje moja moja kupima ukavu, maana ghala la serikali halipokei yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5. Enzi za Kosgei, Waziri wa Kilimo tulimjua kwa jina, na lawama tulijua pa kuipeleka. Mwaka 2013 Aldai wakamnyima kura, akaondoka.

Mshauri wa leo aliyepewa wizara bila kuomba kura, anayeamua bei ya mbolea, sisi tutamnyima kura wapi? Naomba mwandishi wenu awaulize washauri hao.

Mkulima,
Chepsaita, Uasin Gishu